Mawifi Wawili na Hukumu Moja

Wenzake walimwita Bi Mkunjo, kwa kuwa hapakuwa na shuka lililomshinda kunyoosha. Miaka mingi alisimama kwenye pasi kubwa ya mvuke katika chumba cha kufulia cha hoteli, wifi yake akishika upande wa pili wa shuka, ndimi zao zikichapa kazi kuliko mikono. Utani wao ulikuwa mkali hata msimamizi akachoka kuwakanya.

Feni za kutoa joto zilipokufa na tajiri akatia pamba masikioni, chumba kizima kiligoma. Wote wakafukuzwa, wote wakaenda mahakamani. Hukumu ikawagawa: walioajiriwa na hoteli warudishwe kazini, walioletwa na wakala wa ajira wamdai wakala wao. Bi Mkunjo alikuwa wa hoteli. Wifi alikuwa wa wakala, na wakala alishafunga ofisi akatokomea.

Bi Mkunjo alirudi kazini. Aliona haya, lakini haya haijazi sufuria. Nyumbani waliishi ua mmoja, na wifi hakununa. Alisalimia vizuri, akaaga vizuri, ila utani aliukata. Heshima hiyo ilimuuma Bi Mkunjo kuliko tusi. Mumewe, ambaye ni kaka wa wifi, alijifanya kiziwi.

Wakili wa chama cha wafanyakazi akapeleka maombi ya watu wa wakala mahakama ya juu. Hoteli nayo ikaomba hukumu yote ipitiwe upya. Wakili alihitaji kiapo cha mtu aliye ndani, aseme wa hoteli na wa wakala kazi yao ilikuwa moja na msimamizi mmoja. Msimamizi alimshauri Bi Mkunjo asijitie kitanzi. Bi Mkunjo akaenda akatia sahihi.

Baada ya miezi kadhaa wakili alimpigia simu Bi Mkunjo: mahakama imekubali kupitia upya kipande kimoja tu cha hukumu, kile cha watu wa wakala. Ombi la hoteli limetupwa.

“Kwa hiyo tumeshinda?” wifi aliuliza, akianua nguo za watu alizofua kwa malipo.

“Bado. Wamekubali kutusikiliza.”

“Kutusikiliza sisi nani? Wewe si umesharudi?”

Bi Mkunjo alimjibu kwamba kiapo kina jina lake, kwa hiyo na yeye yumo.

Wifi alitupia nguo begani. “Kaka alituambia ameoa mwanamke mpole,” alisema. “Kumbe katuletea mgomvi wa mahakamani.”

Bi Mkunjo alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe ya kusikilizwa haijapangwa. Msimamizi amemhamishia Bi Mkunjo kwenye taulo, kona ya peke yake karibu na mashine za kukaushia, naye anaendelea na kazi.