Mwanafunzi Asiyetajwa Jina

Kila mwaka vijana wa kwetu wakikaribia kujiunga na chuo, mama zao huwaleta kwangu niwape mawaidha, kwa sababu mimi nilienda chuo nikiwa na mvi na nikatoka na cheti. Wanataka niwaambie wasome kwa bidii, waepuke pombe, waamke mapema. Mimi huwaambia jambo moja tu: kabla hujajiandikisha, uliza mwalimu wako ameolewa boma gani.

Walioniponza ninawajua. Wa kwanza ni baba yangu mdogo, aliyenitoa darasa la tano nikamchumie majani chai akisema shule itaningoja. Iliningoja kweli, mpaka nikapata wajukuu. Wa pili ni mkuu mpya wa shule ya bweni huko upande wa Nyamache, ambako nilikuwa fundi wa kujenga. Anakaa katika ofisi niliyoipiga plasta kwa mikono hii. Alipofika tu akasema asiye na cheti cha uashi ataondoka mwisho wa mwaka. Nikamuuliza kama na kuta zitaondoka. Akaniambia niache mzaha.

Wa tatu ni mwanangu mwenyewe. Nilimuuliza waziwazi mke wake anafanya kazi gani siku hizi. "Yuko Nyamira, Baba. Mambo ya ofisi." Nyamira ina ofisi nyingi, sikuuliza zaidi.

Basi nikajiandikisha chuo cha ufundi Nyamira. Siku ya kwanza nikakaa mbele, maana macho yangu yamechoka. Mlango ukafunguka, mkufunzi wa uashi akaingia na buti za kazi, mwiko mkononi. Alikuwa mke wa mwanangu.

Asiyetoka kwetu nimweleze kidogo. Baba mkwe na mke wa mwana wana chinsoni, yaani kuoneana haya kwa heshima. Hatushikani mikono. Hatutazamani usoni. Na jina langu yeye halitamki, hata nikiwa sipo, hata nyumba ikiungua. Nyumbani akitaka kunisemesha husema "Baba" akiwa nyuma ya mlango.

Alisimama. Mimi nikatazama meza. Akageukia ubao na hakugeuka tena mpaka kengele. Msingi wa nyumba tulifundishwa na mgongo.

Hilo tungelivumilia. Shida ilikuwa rejista. Sheria ya chuo ilisema mkufunzi aite majina kwa sauti kila asubuhi, na aliyekosa vipindi vingi hafanyi mtihani. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti kazi yangu imekwisha. Akaita majina yote. Alipofika kwangu, akakohoa.

"Niko," nikasema.

Lakini hakuwa ameniita, na kumtazama aliyejibu hakuweza. Nikaandikwa sikuja. Kesho yake akakohoa tena.

Kijana mmoja wa Nyakoe, mcheshi wa darasa, akanivuta kando. "Buda, kwani jina lako ni kikohozi?"

"Huyo ni mke wa mtoto wangu."

Kicheko kikamkauka, akaacha na Sheng. "Basi, Baba, mtihani hutafanya."

Nikaenda kwa mkuu wa chuo, ambaye ndiye wa nne katika walioniponza. Naye ni Mgusii kama mimi.

"Mzee, mwambie atamke tu. Hapa ni chuo, si nyumbani."

"Wewe mke wa mwanao anakuita jina?"

"Hao wako Nairobi."

"Huko Nairobi wanakuita jina?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Badilisha jina," akasema. "Nenda kwa wakili uape, upate jipya ambalo halioni haya."

Nikamuuliza hilo jipya litakuwa la nani kama si langu. Akasema mawazo yake hayakuwa yamefika hapo. Na kusoma kote kule.

Nikahamishia kiti changu nje, chini ya dirisha, angalau mama wa watu aweze kugeuka. Sauti yake ikafunguka, darasa likachangamka, nami nikajifunza habari za lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, huku mvua ya Nyamira ikiniingia shingoni. Rejista ilisema sipo darasani, na sasa ilikuwa kweli.

Kisha tukaanza kazi ya vitendo uwanjani, kila mtu na ukuta wake. Wengine aliwakagua. Kwangu alipita mbali akitazama migomba. Ukuta wangu ulipopita kichwa, nikasikia buti zikisimama upande wa pili.

"Baba."

"Mm."

"Umepinda kushoto."

Nikateremsha timazi. Ulikuwa umepinda. "Ni kweli," nikasema.

"Baba, uko?"

"Niko."

Nikasikia kalamu ikikwaruza rejista.

Kesho yake yule wa Nyakoe na wenzake, waliotusikia, wakabeba mawe, wakayapanga bila simiti kuzunguka meza yangu mle darasani, nami nikiwa ndani, hadi juu. Mkuu wa chuo akaja mbio.

"Nani ameidhinisha jengo hili?"

"Si jengo, mwalimu," kijana akajibu. "Ni mzee."

"Libomoeni. Na rejista inataka jina, haitaki mawe."

Mke wa mwanangu akamnyoshea rejista. "Basi soma wewe, mimi niandike."

Mkuu akatazama mawe, akatazama vijana, akalisoma jina langu. Nikaitika kutoka ndani. Tangu hapo alilazimika kuja kila asubuhi kusoma jina moja na kurudi ofisini kwake.

"Na hizi siku za nyuma hakuwepo," akasema siku ya kupanga mtihani.

"Siku hizo nilimwita," mke wa mwanangu akasema. "Nilikohoa."

Mkuu akatia sahihi.

Nikafanya mtihani, nikapita, si kwa alama za kujivunia. Nikampelekea cheti yule mkuu wa shule ya bweni. Akakiweka kwenye droo bila kukisoma, akasema kazi ninayo, na kwamba paa la ofisi yake linavuja, nipande leo hii.

Nikamwambia cheti changu ni cha kuta.