Radhi za Kabla ya Mfungo

Shule niliishia la saba, kwa hiyo nikikosea kueleza ugonjwa huu mnisamehe. Naandika niliyoyaona mezani kwetu Kariakoo, mimi dada mtu na mdogo wangu tukiuza vitenge.

Kwanza mdogo wangu alipanda, akachangamka kupita kiasi. Usiku halali, anaongea kama yuko mnadani, anaagiza mzigo wa kujaza fremu nzima ya duka wakati sisi tuna meza moja. "Huyu kijana ana moto!" watu wakasema. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Tuliuza kweli.

Halafu akazima. Akawa anajikunyata nyuma ya marobota, chai inampoa mkononi. Siku moja, mfungo ukiwa umekaribia, akainuka, akapita meza kwa meza: "Kama nimewakosea, naombeni radhi." Kwetu ni kawaida, kabla ya Ramadhani watu husameheana. Jirani yetu, mama wa sufuria, akaniambia, "Umeona? Amerudi kwenye mstari."

Lakini nilikuwa nimemsikia akimwambia huyohuyo mama, "Na dada yangu mumwangalie." Sasa mfungo gani huo, wa mtu kumkabidhi dada yake kwa majirani? Niliogopa kwamba nikilitaja neno lenyewe nitampa wazo. Hata hivyo nikamvuta nyuma ya marobota.

"Mdogo wangu, unataka kujiua?"

Akasema, "Ndiyo, dada. Nimechoka."

Akalia, nikalia. Ila mabega yake yalilegea, kama mtu aliyetua mzigo.

Mama wa sufuria siku zote alikuwa anasema ni mapepo. Nimtendee haki: ndiye aliyefunika biashara yake akaenda nasi hospitali, na mdogo wangu alipoingia chooni, alisimama mlangoni akimpigisha soga. Daktari alisema ni baipola. Kule kupanda na huku kuzima ni ugonjwa mmoja, na una dawa. Akasema pia kumuuliza mtu waziwazi hakumpi wazo la kujiua, kunampa nafasi ya kusema. Nilipumua. Sijui kama nilifanya kila kitu sawasawa, lakini hilo nililifanya.

Dawa anameza, kliniki anaenda. Asubuhi nzito bado zipo. Mwaka huu, mfungo ulipokaribia, akanijia. "Dada, naomba radhi."

Nikamuuliza tena swali lilelile.

Akacheka mpaka mama wa sufuria akageuka. "Hapana, dada! Zile sambusa zako za jana, nilizila mimi."

Nikamsamehe, nikamtuma akanunue nyingine.