Beseni la Samaki Mgonjwa

Kliniki ya meno ninakofanya usafi iko upande wa Lurambi. Kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ambalo daktari aliliweka ili watoto waangalie samaki badala ya kusikiliza mashine. Walikuwa wanne: wa buluu, wa njano, na wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Lakini waliowapenda zaidi ni wazee.

"Msichana, huyu wa buluu ukimkaanga anabaki buluu?" mmoja aliniuliza, ameshika shavu lililovimba.

"Kwa meno gani, mzee?" nikamjibu, akacheka mpaka akaumia.

Daktari mwenyewe alinifundisha kuwatunza. Nilipima chumvi kila asubuhi, nikachanganya maji mapya siku moja kabla ya kuyatumia, nikakagua mapezi na macho ya kila mmoja wakati wa kula. Niliacha shule kidato cha pili ili nimuuguze mama, na tangu hapo hakuna mtu aliyekuwa amenikalisha chini akanifundisha kitu mpaka mwisho. Kwa hiyo daktari aliposafiri wiki mbili, akamwachia mwenzake wagonjwa na mimi akaniachia tangi, nilitaka jambo moja tu: awakute hai.

Siku ya tatu stima ilipotea, kisha ikarudi ghafla. Taa ya tangi ilipowaka, wa buluu alishtuka akajipenyeza kati ya mawe. Alitoka na mchubuko ubavuni, upana wa ukucha wa kidole gumba. Kesho yake kando ya kidonda palikuwa pekundu, na juu yake utando mweupe kama pamba. Nikampigia daktari.

"Mtoe leo," akasema. "Mweke kwenye lile beseni kubwa la plastiki, na maji ya tangi lake, hita, pampu ya hewa, na kipande cha bomba ajifiche. Dawa itie humo tu. Ukiitia kwenye tangi utaua vijidudu vya kwenye mawe vinavyosafisha maji."

"Akae peke yake?"

"Peke yake, siku kumi. Wenzake watamdonoa kidonda."

Nilifanya yote. Sikutumia wavu, maana ana mwiba mkali kama kijembe karibu na mkia, ambao ungenasa wavuni. Nilimteka kwa jagi, polepole, nikampeleka stoo. Akaingia ndani ya bomba, rangi ikampauka. Nilimpa chakula asubuhi na mchana, nikakitoa kama kilivyoingia.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Mama alipolazwa nililala sakafuni kando ya kitanda chake wiki baada ya wiki. Alipokufa tukabaki watoto watano, baba alikuwa ametangulia, na mimi ndiye mkubwa. Hadi leo mmoja wetu akishikwa na malaria, wengine huvuta magodoro wakalala naye. Hatujawahi kukaa chini tukakubaliana hivyo. Nilipomtazama yule samaki ndani ya bomba, nilijiambia upweke utamuua kabla ya kidonda.

Siku ya pili ya dawa nikamrudisha kwa wenzake.

Alikula kidogo jioni hiyo, na mimi nikafurahi. Daktari akapiga simu.

"Bado yuko kwenye beseni?"

"Yuko, Daktari."

Asubuhi wa njano alikuwa akimfuata, akimdonoa palepale kwenye kidonda. Nilimfukuza kwa kijiti. Nikigeuka kufungulia wagonjwa mlango, anarudi. Nilipomteka tena wa buluu kumpeleka kwenye beseni, nyama ilikuwa nje. Hakumaliza siku.

Nyumbani mdogo wangu wa kike alinikuta nalia jikoni. "Dada, unalilia omena? Si ungekuja nayo tuitie nyanya." Aliponiangalia vizuri akachukua mwiko, akasonga ugali yeye.

Ugonjwa haukuishia kwa yule wa buluu. Mapezi ya wale watatu yalianza kuchanika pembeni. Wa njano akafa, kisha mmoja wa machungwa. Wa mwisho jicho lilivimba, likafanya ukungu. Huyo nilimtenga saa ileile, na daktari aliporudi alimkuta kwenye beseni, nami nimekaa kwenye kiti kidogo kando yake. Nilimweleza yote kabla hajauliza.

"Ulimrudisha kwa nini?" akasema.

"Niliona ana upweke. Alijificha tu, hakula."

"Alikuwa anapumzika."

Hakupaza sauti. Nilitamani angepaza. Aliinama juu ya beseni, kisha akanishika bega, akanisogeza mbele. Kivuli changu kilipoanguka majini samaki alikurupuka, akagonga ukuta wa plastiki kwa jicho lile bovu.

"Umeona? Kila ukija kumchungulia, anafanya hivyo. Mfunike kitambaa. Badilisha maji, tia dawa, toka."

Nilitii. Mara mbili kwa siku niliingia, nikabadilisha nusu ya maji, nikapima chumvi na joto, nikatia dawa, nikatoka. Sikufunua kitambaa zaidi ya hapo, ingawa nilitamani kufunua.

Siku ya sita nilimkuta ameelea. Sijui alikufa saa ngapi. Nilikuwa koridoni, napiga deki sakafu iliyokwisha kutakata, ili nisiingie kumchungulia.