Hatua Tatu za Simba

Juzi mdogo wangu, ambaye bado ananiita Yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Lubumbashi: "Yaya, mutoto wangu ameanza kutembea! Mama yake anasema njo nyota ya Simba, sawa na miye. Miye nilitembea na miezi ngapi?" Mama yetu hayupo tena, kwa hiyo swali likaniangukia mimi. Na wivu wangu wa utotoni, rafiki yangu, ukaamka mzima mzima.

Nilikuwa na miaka minane, hapa Kalemie, kando ya ziwa. Jirani yetu mshonaji alikuwa na gazeti kuukuu la Kifaransa lenye ukurasa wa nyota, na akina mama wa mtaa walimpelekea watoto wao awasomee tabia zao. Alimtazama mdogo wangu akasema, "Huyu njo Simba. Atatembea mbele ya mwaka kuisha." Nikauliza, na mimi je? "Weye njo Nge. Nge iko na wivu sana." Wote wakacheka, na mama akacheka kuliko wote. Siku ile sikuwa na wivu bado.

Ukaja. Nyumbani ikawa Simba asubuhi, Simba jioni. Mama aliweka unga wa ngano kwenye kopo, aje awakaangie majirani mandazi siku Simba atakapotembea. Mimi niliyetwanga sombe, majani ya muhogo, na kugeuza samaki wadogo wa ndagala juani hadi mgongo uniume, sikukaangiwa hata moja.

Asubuhi moja mama yuko sokoni, mimi natwanga, mtoto akaachia kinu alichokuwa amekishikilia. Hatua tatu, moja kwa moja hadi kwangu, anacheka. Nikamkalisha chini. Akasimama tena, nikamkalisha tena. Nilifanya hivyo kila mama alipotoka, hadi mtoto akaacha kujaribu.

Mwaka ukaisha. Unga ukaingia wadudu. Mama akaacha kumwita Simba, akawa anambeba mgongoni kumpeleka hospitali, na mgongo ule ndio niliokuwa nautaka mimi. Alipotembea mbele ya watu alikuwa na miezi kumi na sita. Mama alilia tu, mandazi hayakupikwa.

Siku hizi ziwa limepanda, ua wetu umo majini. Jirani alihama na gazeti lake.

Nikamwandikia mdogo wangu: kumi na sita. Nikafuta. Nikaandika: "Kumi na mmoja. Nilikuona, nikakukalisha. Mama hakujua."

Akajibu papo hapo, anacheka: "Basi miye njo Simba kweli!"

Hilo tu ndilo alilolisikia. Nikaweka simu chini, nimenuna. Hatua zile mama alizingoja hadi unga ukaharibika, na niliyeziona ni mimi peke yangu.