Kulabu ya Jani la Springi

Gereji ya baba mdogo ilinuka pamba. Watu wakisikia gereji wanafikiria oili na petroli, na kweli vilikuwepo, lakini sisi pale Bariadi tulikuwa nyuma ya ghala la ushirika, na msimu ukifika nyuzi za pamba ziliruka ukuta zikaganda kwenye grisi, kwenye nywele, hata kwenye uji. Tukiwasha moto wa kufulia vyuma, nyuzi zilidondokea makaa zikaungua, zikatoa harufu kama ya shati lililosahauliwa chini ya pasi. Hiyo harufu ndiyo utoto wangu. Nikiisikia leo sijisikii vizuri, na nitasema kwa nini.

Masanja, mdogo wake baba, alikuwa fundi wa malori ya ushirika. Soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, pamba ikaenda kwao, malori ya ushirika yakakosa mzigo na mafundi wakaambiwa warudi makwao. Wenzake walipewa barua. Yeye alipewa barua pamoja na lori bovu, halina injini, limekaa juu ya mawe, kuku wa mlinzi wanatagia kwenye kiti cha dereva. Watu walicheka mpaka basi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mmoja wao nilimrushia jiwe. Ndivyo nilivyokuwa, na ndivyo nilivyo. Ukimgusa mtu wangu umenigusa mimi. Hata mteja akilalamika, nilijisogeza mbele nikasema, "Nati hiyo niliifunga mimi, si yeye," na mara nyingi sikuwa nimeigusa kabisa. Baba mdogo alikuwa anacheka tu. Laiti angenichapa.

Lile lori tulilimaliza kama Msukuma anavyommaliza ng'ombe, mpaka kwato. Chesesi ikawa meza ya kazi. Boneti ikawa paa. Tangi la mafuta tulilikata katikati likawa karai la kuoshea vipuri. Skrubu ya jeki iliyokufa ikawa jiriwa, na ilibana kweli, usiombe ikubane kidole. Kipande cha ekseli kilisimamishwa kwenye gogo kikawa fuawe. Mlango wa dereva ukawa mlango wa kabati la spana, na kioo chake bado kilipanda na kushuka, kwa hiyo ukitaka spana ulikuwa unazungusha mkono wa kioo, unaingiza mkono, unachukua. Dramu ya breki ikawa jiko la kufulia vyuma, na feni ya radieta tukaiunga na baiskeli isiyo na tairi, ipulize makaa. Mimi ndiye niliyepiga pedali. Nilikuwa nasafiri kutwa nzima bila kwenda popote, na nilikuwa na raha kuliko watoto wote wa Bariadi.

Sasa, msimu mmoja alikuja mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza mwenye malori matano. Alikuwa anatafuta gereji moja ya kuyahudumia msimu mzima. Alizunguka, akacheka na kabati letu, akaigusa jiriwa, akauliza, "Fundi, injini mnainyanyua na nini?" Hatukuwa na kitu. Baba mdogo akamjibu bila kupepesa, "Njoo keshokutwa, bosi, utaona." Alijua anachosema. Yakipatikana malori matano, gereji inasimama. Yakikosekana, anarudi kwao Lalago kushika jembe.

Alipata mabomba matatu ya kisima kilichokauka, ya kutengenezea miguu mitatu ya kuning'inizia injini. Misheni walimwazima cheni bloku kuukuu ya kunyanyulia mizigo, ila ilikuwa imepoteza kulabu ya chini. Kwa hiyo akachukua jani nene la springi ya lori letu, nikapiga pedali mpaka miguu ikawaka, akalipinda taratibu likawa kulabu, nene shingoni, zuri kama pembe ya dume. Akalifukia kwenye majivu likiwa bado jekundu. "Usiliguse, Kabula," akaniambia. "Lipoe lenyewe mpaka kesho. Ukilitia maji linakuwa kigae." Akaenda kuyafuata mabomba.

Luhende alikuwa na duka la vifaa vipya ng'ambo ya barabara, vitu vya nje vinavyong'aa, na hakuna siku aliyopita bila neno. Akaja akachungulia majivu, akanisalimia Kisukuma.

"Mwadila, bibi fundi. Hicho nini, mundu?"

"Kulabu."

"Kulabu! Hiyo wapelekeeni Nyashimo wakavulie sato. Injini inataka kulabu ya dukani."

"Za kwako zinapinda kwa ndoo ya maji!"

"Na ya kwenu ni laini kama ugali. Chuma kikipoa kwenye majivu kinalala usingizi. Muulize baba yako mdogo."

Wanasema haraka haraka haina baraka. Mimi niliiona hiyo ni methali ya wavivu. Nilikuwa nimemwona baba mdogo akichovya ncha za patasi kwenye maji zikawa ngumu, nami nikajiona najua yote. Nikaivuta kulabu kwa koleo, bado ilikuwa nyekundu kwa ndani, nikaitumbukiza kwenye karai la maji. Ikapiga kelele. Nikaitoa, nikaisugua na tupa, tupa ikateleza kama kwenye kioo. "Haya, laini iko wapi?" nikamuuliza. Luhende akaondoka. Nikairudisha kwenye majivu, nikaifukia vizuri. Nilikuwa nimeshinda. Nilipika ugali siku hiyo huku naimba.

Keshokutwa ilipofika mnunuzi akaja na pikapu yake mwenyewe, na nusu ya mtaa wakaja kutazama. Baba mdogo akavuta cheni. Injini ikatoka, ikafika magotini, ikafika kiunoni, watu wakaanza kupiga vigelegele, halafu ikasikika pa! Kulabu ilikatika shingoni, kavu, kama kijiti. Injini ikaanguka, sampo, lile bakuli la oili la chini, ikapasuka, oili ikamwagika kwenye vumbi. Hakuna aliyeumia, ila mguu wa baba mdogo ulikuwa umetoka pale dakika hiyo hiyo. Mnunuzi hakupiga kelele hata kidogo. "Fundi, mikono unayo," akasema, "lakini injini zangu siwezi kuziweka chini ya chuma chakavu." Baba mdogo akajibu mbele ya watu wote, "Kosa langu. Springi ilikuwa imechoka, sikuiona." Akaokota vipande viwili vya kulabu, akaenda kuvitupa kwenye shimo la choo.

Nilimwambia jioni ile ile, jua halijazama, tunatembea kurudi nyumbani. Nilimweleza kila kitu, Luhende, maji, tupa. Nikasubiri kofi. Akasimama, akanishika kichwani, akaniita mayu, kama wazee wa kwetu wanavyomwita binti wanayempenda. "Mayu, hili usijitwishe. Hili si kama zile nati zako." Nikaapa. Nikalia. Nikamvuta shati tumfuate Luhende, aulizwe. Akasema, "Luhende nimuulize nini, anicheke mara ya pili?" Ndivyo ilivyokwisha. Nilikuwa nimemtetea kwa uongo mara nyingi mno, na siku nilipoleta ukweli alidhani namtetea tena.

Mwezi ule ule aliuza gereji nzima kwa wanunuzi wa skrepa, kwa kilo, hadi lile kabati, akarudi Lalago kulima pamba. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Waongo. Nilipofika miaka kumi na sita nilimfuata na vipande viwili vya springi, nikavichoma mbele yake, kimoja nikakipoza kwa majivu, kingine kwa maji, nikavipiga nyundo. Cha maji kikavunjika. Akatazama kwa heshima, kisha akasema, "Umejifunza vizuri. Ila springi hii si ile." Mtu mzima, mwenye macho, fundi! Nilitaka kuitupa nyundo mtoni.

Leo gereji ni yangu, pale pale Bariadi. Hakuna aliyenifundisha baada yake, nimejifunza kwa kufungua na kuharibu. Vitu vyangu vingi nimeviunga kwa chuma cha magari yaliyokufa, na vijana wa mtaa wananiuliza kwa nini sinunui tu, siku hizi kila kitu kipo. Ni kweli kipo. Kinang'aa, na kikipinda kinanunuliwa kingine. Mwaka jana baba mdogo alikuja kunisalimia na debe la karanga. Nilikuwa nimepandisha gari juu ya stendi nilizozichomelea mwenyewe kwa habu kuukuu za magurudumu. Akazizunguka mara mbili.

"Hizi za dukani?"

"Za kwangu."

"Huna za dukani?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari lote, nikaanza kufungua gia boksi, makusudi, taratibu, ili aone. Nikasikia anachuchumaa. Kisha mkono wake mkavu ukanishika kifundo cha mguu, kwa nguvu, kama mtu aliyejiandaa kunivuta nje. Nilikaa mle chini zaidi ya nusu saa. Hakuuachia.