Ubeti wa Tatu

Bora niwaambie mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa mji wa Sake. Mimi ndiye ninayeiandikia kwaya yetu nyimbo kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Wakati ule wa vita tulikuwa tunazika zaidi kuliko kufungisha ndoa, kwa hiyo wimbo wa ndoa ya Furaha niliujenga juu ya wimbo wa mazishi: noti zilezile, maneno nibadilishe.

Kazi ngumu ni kupanga beti tatu chini ya noti, kila silabi mahali pake. Ubeti wa pili ulinitesa siku mbili. Neno moja likisogea, linasukuma mengine yote. Uliponyooka, nikatazama mistari mitatu ilivyokaa sawasawa, nikachapisha bila kusoma. Ubeti wa tatu ulikuwa bado wa mazishi.

Waimbaji wangu nimewafokea miaka mingi waimbe kilicho kwenye karatasi tu. Wakamwimbia bibi harusi, kwa sauti nne: "Lala, ndugu yetu, udongo usikulemee." Nami nikaongoza huku nikitabasamu, kwa kuwa hakuna silabi iliyokosa noti yake.

Kwetu habari ya kifo hufichwa mpaka sherehe iishe. Mama Furaha, mzazi wa bibi harusi, ambaye mwanawe wa kwanza alibaki Kibua kwenye mapigano na simu yake haipatikani, akainuka kwenye benchi, akaja mpaka mbele yangu.

"Papa, muniambie tu. Ni mutoto wangu njo amekufa?"

Kanisa zima likanigeukia.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hakuna mwenye amekufa. Ni mimi sikusoma."