Nilimwambia bibi moto unawaka: kisa cha msonge wetu Nyaishozi

Wakuu, wakubwa zangu kama mmebaki, shikamooni. Wadogo, marahaba.

Nimewasoma humu mkibishana bati la rangi gani halina baridi. Halipo. Nina miaka themanini na kitu, mgongo unauma, naandika kwa kidole kimoja. Sina nguvu ya kutunga. Uongo wangu niliusema zamani, na ndio ninaouleta leo.

Ni Nyaishozi, miaka ya hamsini, nikiwa binti wa miaka kama kumi.

Baba alijenga nyumba ya bati kando ya barabara. Kabla ya hapo tuliishi chini kibanjani, katikati ya migomba, kwenye msonge wa nyasi wa bibi, mama yake baba.

Mle mafiga yalikaa katikati na moto haukuzimwa. Moshi ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. (Mimi nilichojua ni kwamba unaniwasha macho.)

Baba akatuhamisha wote. Tena moto ndani marufuku, eti masizi yataharibu bati jipya.

Bibi hakutaka. Baba akambembeleza: "Mama, kaa masika haya tu. Mvua zikikatika na bado hupataki, nitakurudisha mwenyewe."

Akakubali. Lakini magoti yake yalishakikataa kilima cha kushukia kibanjani, kwa hiyo kazi akanipa mimi: kila siku nishuke msongeni niwashe moto, paa lisioze.

Jamani, kuni mbichi, utelezi, mvua haina huruma. Nilienda siku nne, labda tano. Nikachoka.

Kila jioni bibi aliniuliza neno moja la Kinyambo, "Omuriro?" Yaani moto vipi.

"Unawaka, bibi."

Huku kwenye bati baridi ilikuwa inang'ata. Alfajiri pumzi zetu ziligeuka maji kule juu, yakamdondokea bibi kwenye blanketi. Alikohoa, akasogea kidogo, akasema si kitu, masika yanaisha.

Yakaisha. Baba akamshika mkono, tukashuka wote.

Nyasi zilikuwa zimeoza, paa limebonyea upande mmoja, uyoga umeota kwenye nguzo. Bibi akainama akagusa majivu kwenye mafiga. Yalikuwa tope.

Akaniangalia. Nikajua nimekwisha.

"Nyasi zilikuwa za zamani," akamwambia baba. "Turudi."

Baba aliahidi kuezeka upya. Bibi akafariki kabla nyasi hazijakatwa, chini ya bati lile lile. Tangu siku ile tuliposhuka hakuniuliza tena habari za moto.

Funzo? Ukiezeka bati, weka dari. Nyumba ya nyasi isiyo na mtu, iwashie moto. Na mtoto akichoka, mfundisheni kusema amechoka. Baba angeenda yeye. Neno hilo moja lingetosha, na mimi sikulisema.

Wenye wazee ambao bado wako kwenye nyasi, nani anawawashia? Komentini. Nitasoma polepole.